Kibuyu cha Maonyesho ya Kale

Mimi sikuumbwa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa miguu ikiwa imeshaanza safari, na hata leo, na magoti haya mabovu, nikiwekwa kwenye kiti dakika kumi nitatafuta sababu ya kuinuka. Nalisema hili mapema ili mtu asinihukumu kabla hajajua nilikuwa nakimbia nini mwaka ule wa sabini na sita, kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nikiwa nimevaa ngozi ya mbuzi isiyo yangu mbele ya wazungu mia mbili.

Hoteli moja ya kule juu, pamoja na watu wa utamaduni, iliandaa sherehe ya siku mbili ikaipa jina la Maonyesho ya Siku za Kale. Kila kabila lilitakiwa kujenga nyumba yake ya zamani kwenye uwanja wa nyuma ya hoteli, livae mavazi ya zamani, lipike, lifue vyuma na kuimba, wageni wapite wakitazama na kupiga picha. Wamaasai wa Engaresero wakajenga boma lao upande mmoja. Sisi Wairaqw wa Karatu tukajenga tembe, ile nyumba ya udongo iliyozama ardhini ambayo babu zetu waliibuni ili Wamaasai wakija kuiba ng'ombe wasiione. Tuliijenga hatua hamsini kutoka kwa Wamaasai wenyewe, na wao ndio waliotusaidia kubeba miti.

Mzee wao mmoja, Tobiko, aliizunguka mara mbili, akachungulia mlangoni, akasema, "Kumbe ndivyo mlivyojificha. Baba yangu aliwatafuta sana."

Tulicheka mpaka udongo ukatuponyoka. Huyu Tobiko miaka michache nyuma alishushwa kwenye basi la Arusha kwa sababu ya lubega lake, akaambiwa akavae suruali kama mtu mstaarabu. Sasa alikuwa ameombwa kwa barua aivue hiyo suruali. Alisema serikali ni kama mke mdogo, leo hataki, kesho anataka, wewe nyamaza tu uvue.

Kikundi chetu cha uimbaji kilikuwa ni kwaya ya parokia iliyovuliwa majoho na kuvishwa ngozi. Tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu wetu Clemensi alikuwa mtu wa noti, akitufundisha nyimbo za bibi zetu kwa do-re-mi ubaoni, na kila alipomaliza kuandika, Ama Katarina alitikisa kichwa na kusema wimbo wenyewe hauko hivyo. Ama kwetu ni bibi. Huyu alikuwa na miaka sabini na ushee, na ndiye peke yake aliyewahi kuziimba nyimbo hizo kwa kuhitaji, si kwa mazoezi. Mume wangu Josephati, fundi wa magari, aliimba besi. Rafiki yangu Evarista aliimba sauti ya pili. Na mimi, Cresensia, ndiye niliyeanzisha wimbo, nikiimba peke yangu wenzangu wakinipokea. Wakubwa walikuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam kuchagua kikundi kimoja kitakachokwenda kuimba huko, na Clemensi aliniambia waziwazi kwamba tukichaguliwa, itakuwa ni kwa koo langu.

Niliitaka Dar es Salaam kama mgonjwa anavyotaka maji. Sijui hata nilikuwa nataka nini kule. Nilitaka tu barabara.

Sasa siri yangu. Mimi na Evarista wote wawili tulikuwa wajawazito, yeye miezi saba, baada ya miaka tisa ya kuitwa tasa na mawifi zake, na mimi miezi minne. Ndivyo watu walivyojua. Ukweli ni kwamba mimba yangu ilikuwa imetoka siku kumi na saba kabla ya maonyesho. Josephati alikuwa Arash, amechukuliwa kwenda kutengeneza lori lililokufa huko, akakaa siku sita. Aliporudi alinikuta nimelala, nikamwambia ni malaria. Akaniamini. Akaanza kuniteka maji mwenyewe, mwanaume mzima na ndoo begani, watu wakimcheka njiani na yeye akicheka nao. Kila ndoo aliyoitua ilinichoma, nami sikusema neno.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kwetu mwanamke akiharibikiwa na mimba, nyumba yake inaingia metimani. Mnatengwa, mume na mke, kwa miezi mingi. Huingii nyumba ya mtu na mtu haingii kwako. Hushiki mkono wa mtu. Hunywi kwenye chombo cha wengine, na maji unateka chini ya wenzako, kule wanakonywa punda. Wanasema uchafu wa kifo umekushika na unaambukiza, na anayeambukizwa upesi kuliko wote ni mwanamke mwenye mimba. Akigusa chombo ulichogusa, mtoto wake anafuata njia ya wako.

Padri alikuwa akilipiga vita jambo hilo kila Kwaresima. Aliliita giza. Tulimwitikia amina, tukarudi nyumbani kulifuata giza hilohilo kwa tochi.

Na mimi nilikuwa nimeshalionja. Mtoto wangu wa kwanza alikufa akiwa na wiki tatu, nikakaa metimani mwaka mzima. Mwaka mzima nilizungumza na mbuzi. Dada yangu aliniletea unga, akauweka chini kwenye jiwe, akarudi nyuma hatua kumi ndipo nikauchukua. Josephati alipoteza kazi, kwa sababu nani atampa gari lake mtu ambaye hawezi kupokea spana mkononi mwa mwenzake? Nilipotoka mle niliapa kwamba hawataniweka tena. Nilisema mimi ni Mkristo, siamini mambo hayo.

Lakini angalia mtu asiyeamini alivyoishi siku hizo kumi na saba. Mazoezini nilikuja na kikombe changu nikisema ninakunywa dawa. Evarista akikaa, nilisimama. Akisogea, nilikumbuka kitu nje. Aliponiletea fulana aliyofuma, akisema watoto wetu watabatizwa siku moja, nilimwambia aiweke tu pale juu ya ukuta, nitaichukua. Siku ya kwenda maonyesho nilipanda lori wa mwisho kabisa, nikaning'inia nyuma kwenye bodi kama utingo, upepo wa msituni ukinikata masikio, ili nisibanwe ubavuni kwake. Clemensi alinifokea nitaharibu koo. Nilimwambia koo ni langu.

Asubuhi ya siku ya kwanza ukungu ulikuwa mzito, wageni wakizunguka na makoti yao kati ya mabanda. Tulivaa ngozi ndani ya tembe. Zilinuka samli iliyochacha na moshi wa watu waliokufa zamani, na shanga zake zilikuwa nzito kiunoni. Bwana Utamaduni, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, akaingia ameinama.

"Jamani, kuna mabadiliko kidogo," akasema. "Wageni hawataki maigizo. Wanataka kitu halisi. Kile kibuyu cha mwisho, kisiwe kitupu."

Katika mazoezi, wimbo ulimalizika Ama Katarina akiinua kibuyu kitupu na kusema maneno ya baraka, basi. Nikamgeukia Ama nikitumaini atakataa. Ama akasema, "Mimi nilishamwambia Clemensi toka mwanzo. Kibuyu kitupu hakibariki mtu. Pombe nimekuja nayo."

"Safi," akasema Bwana Utamaduni. "Na kitapitaje?"

"Kinapita kama kinavyopita siku zote. Anaanza aliyeanzisha wimbo, anampa wa kushoto kwake, mpaka kinamalizika."

Wa kushoto kwangu alikuwa Evarista.

Nilitoka nje. Nikazunguka tembe, nikarudi, nikatoka tena. Nilimfuata Clemensi nikamwomba amhamishe Evarista upande wa pili, akasema sauti ya pili inakaa pale, na kwamba ninamchanganya. Nilimfuata Evarista mwenyewe, nikasimama mbali kidogo.

"Wewe usinywe," nikamwambia. "Pombe si nzuri kwa hali yako."

"Pombe ya Ama ni uji tu," akasema akicheka. "Na baraka siachi. Nimezingoja miaka tisa. Na wewe unywe, za wako nazo zipatikane."

Nilitaka kumwambia pale pale. Wallahi mdomo ulifunguka. Lakini nyuma yake nikamwona Josephati, amejifunga ngozi yake vibaya kama mtu aliyevaa shuka la hospitali, anamwonyesha Tobiko kwa mikono jinsi tumbo langu litakavyokuwa mwezi wa tisa, na Tobiko anampigapiga begani. Mdomo nikaufunga. Nikajipangia akili ya mwizi, kwamba nitaimba, halafu kibuyu kikinijia nitajifanya ninakohoa, nikipeleke pembeni, kimwagike. Nani atajua?

Tukaingia uwanjani. Niliimba. Sitaki kujisifu, lakini siku ile niliimba kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu kila kilichokuwa kinanikimbiza kiliingia kwenye ule wimbo. Ni wimbo wa wanawake wa kuomba mvua na watoto, unaanza chini kabisa, unapanda kama mtu apandaye mlima na mzigo, na wenzako wanakusukuma kwa nyuma. Wageni waliacha kunong'ona. Nilimwona mmoja wa wale wakubwa wa Dar ameshusha miwani. Nilijua tumeshinda. Nikakumbuka barabara, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Wimbo ukashuka, ukatulia kwenye ule mguno wa kuitikia. Ama Katarina akaja katikati ya duara na kibuyu. Alianza kubariki, si kwa sauti ya maonyesho, bali kwa sauti ya mtu anayeomba. Akaomba mvua isiwe ya mawe. Akaomba ng'ombe. Kisha akamtazama Evarista tumboni, akanitazama mimi tumboni, akaomba watoto wawili wa mwaka huu watoke salama, watambae kwenye udongo, waungue na ugali moto, wagombane. Watu wote wakaguna kuitikia. Nilisikia besi ya Josephati ikitetemeka.

Halafu akanyoosha mikono yote miwili na kibuyu kikaja usoni kwangu.

Kukohoa kukanishinda. Niliona njia mbili tu. Nikigusa, hata kwa kukimwaga, mikono yangu imegusa, na Ama atakiokota, na Evarista atapewa tone lililobaki kwa sababu ni baraka haiachwi chini. Na nikiendelea kusema siamini, vipi kama mtoto yule akafa? Nitaishi na Evarista jirani yangu, nikimtazama, mpaka lini? Niligundua pale kwamba ninaweza kubahatisha roho yangu lakini siwezi kubahatisha ya mtoto wa mtu.

Niliweka mikono nyuma ya mgongo. Nikarudi hatua moja, ya pili, ya tatu, nikatoka nje ya duara. Nikashuka mpaka upande wa chini wa uwanja, mahali maji yanapotiririkia mvua ikinyesha, nikakaa chini peke yangu na kuwapa mgongo.

Hakuna Mwiraqw asiyejua maana yake. Mguno ulikatika kama kamba. Kisha nikasikia Evarista akilia, si kwa sauti, na Ama Katarina akimwambia, "Kunywa, mwanangu. Hajakigusa. Kunywa." Wageni nao wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, halafu wote, wakidhani ndio mwisho wa mchezo.

Katikati ya makofi nilisikia hatua. Josephati alikuja akakaa chini kando yangu. Hakuniangalia. Pumzi yake ilikuwa inakwenda mbio kama ya mtu aliyekuwa anasukuma gari, na makofi yakaongezeka, kamera zikiwaka. Nilitaka ardhi ipasuke. Mume wangu alikuwa amepata habari ya kifo cha mtoto wake mbele ya wazungu mia mbili, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kukaa.

Bwana Utamaduni akatufikia akihema kwa furaha. "Mama, hiyo ya kutoka na kukaa chini imewaua kabisa. Na mzee kumfuata! Wakubwa wamesema ninyi ndio mnaokwenda Dar. Kesho mrudie hivyohivyo, msibadilishe kitu."

Clemensi alikuwa nyuma yake. Yule mtu wa noti alikuwa hana rangi usoni. Akamshika Bwana Utamaduni kiwiko, akamwambia taratibu, "Kesho hatuimbi."

"Hamwimbi? Na Dar?"

"Nenda, bwana. Nitakueleza."

Josephati akainuka, nami nikainuka. Tukaanza kuondoka. Bwana Utamaduni akatuita, akasema zile ngozi ni za ofisi, zimesainiwa. Ama Katarina akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hiyo hapana rudi tena. Wewe andika imekufa."

Tulishika barabara ya kushuka Karatu kwa miguu, kwa kuwa lori ni la watu wote na sisi hatukuwa tena wa watu wote. Ni safari ya siku nzima, na msitu ule una nyati. Ukungu ulikuwa umefunga, huoni mti wa tatu. Josephati alitangulia na fimbo yake ya maonyesho, nami nikamfuata, tukaenda labda saa nzima. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

Kisha nyuma yetu tukasikia injini. Tukasogea pembeni lori lipite, halikupita. Likapunguza mwendo, likakaa nyuma yetu kiasi cha hatua thelathini, taa zimewashwa ili zituangazie njia, dereva akipiga honi kila kona kuwafukuza wanyama. Walikuwa wameondoka wote, siku ya kwanza haijaisha, na ngozi zao mwilini. Hakuna aliyeshuka kutugusa, na hakuna aliyesema tupande. Hawakuimba. Niligeuka mara moja nikamwona Evarista amesimama kwenye bodi nyuma ya kebini, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na chuma cha kebini kwa mwingine, anatutazama. Nilijisikia vibaya, na pia nilijisikia kwamba sitakufa.

Tukatembea hivyo. Karibu na geti la hifadhi, Josephati akasema, bila kugeuka, "Ilikuwa lini?"

"Ulipokuwa Arash. Usiku wa pili."

Akaenda hatua kadhaa.

"Wa kike au wa kiume?"

Siku kumi na saba nilikuwa sijalitamka hilo hata moyoni. "Wa kike," nikasema.

"Ukamweka wapi?"

"Nyuma ya zizi, kwenye mbaazi. Jembe ulikuwa umemwazima Thomasi. Nilichimba kwa sufuria, na mahali pengine kwa mikono."

"Nani alikuwa na wewe?"

"Sikuwa na mtu."

Josephati alisimama katikati ya barabara. Akaigeuza fimbo, akaiegemea kwa mikono yote miwili, kichwa chini, mabega yakianza kutikisika. Nikasimama kando yake, sikuwa na pa kukimbilia tena wala sikutaka. Nyuma yetu lori nalo likasimama, dereva akazima injini, na watu wote kumi na wawili wakangoja.